Kabla ya kumlaumu kwa chipsi, mpimeni tezi

Majibu ya maabara yakionyesha kuwa lehemu imepanda, hukumu huwa tayari kabla mgonjwa hajakaa vizuri kwenye kiti. Mama, punguza chipsi. Mama, acha nyama nono. Mama, jitahidi kutembea. Anayeambiwa hayo mara nyingi ni mwanamke wa makamo. Ameongezeka kilo kadhaa, asubuhi uso umejaa, sauti imekuwa nzito, ngozi inakauka hata akijipaka mafuta, na choo kinampa taabu. Joto la Februari Dar es Salaam linapowafanya wenzake wajipepee kwa madaftari, yeye amejifunika khanga mabegani. Anaondoka na karatasi ya mlo na pengine dawa ya kushusha lehemu. Shingo yake haijaguswa, wala damu yake haijapimwa homoni ya tezi.

Hilo ni kosa, na dawa yake ni kipimo kimoja tu cha damu.

Tezi ya thairoidi imekaa mbele ya shingo, chini kidogo ya koromeo. Homoni zake huamua mwili utumie nguvu kwa kasi gani: moyo upige vipi, utumbo usukume chakula vipi, joto la mwili lipatikane vipi. Watu wengi wanaijua kwa rovu, ule uvimbe wa shingo uliokuwa jambo la kawaida katika vijiji vingi vya milimani. Wasichojua wengi ni kwamba tezi inaweza kudhoofika bila shingo kuvimba hata kidogo, na kwamba ikidhoofika mojawapo ya viungo vinavyopata shida haraka ni ini.

Ini ndilo linaloondoa kwenye damu ile lehemu mbaya inayoziba mishipa. Kazi hiyo linaifanya kwa vipokezi vilivyo juu ya seli zake, ambavyo hunasa chembe za lehemu na kuziingiza ndani. Wamarekani Michael Brown na Joseph Goldstein walipata Tuzo ya Nobeli mwaka 1985 kwa kuonyesha jinsi mfumo huo unavyofanya kazi. Homoni ya thairoidi huliamuru ini litengeneze vipokezi vya kutosha, na pia hulisaidia kuigeuza lehemu kuwa nyongo. Homoni ikipungua, kazi zote mbili huzorota. Mtu anabaki kama mtaa ambao gari la taka limeacha kupita: wakazi wanaweza kupunguza uchafu wanaoutoa, lakini lundo litaendelea kukua. Ndiyo maana mgonjwa wa tezi anaweza kuacha chipsi kwa miezi 6, akala mchicha na maharage kwa nidhamu ya kweli, kisha akarudi maabara na kukuta lehemu iko palepale. Anayeyatazama majibu hayo humwona mwongo. Hakudanganya. Ini lake halikupewa amri.

Ajabu ni kwamba madaktari wa zamani waliujua uhusiano huu kuliko unavyokumbukwa leo. Mwaka 1930, Mason, Hunt na Hurxthal, waliokuwa wakifanya kazi Boston, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kuwa lehemu hupanda tezi inapodhoofika na hushuka inapofanya kazi kupita kiasi. Kwa miaka mingi baada ya hapo, wakati vipimo vya homoni vya leo havijapatikana, lehemu yenyewe ilitumika kama kidokezo cha kuitambua tezi mgonjwa. Daktari akiona lehemu iko juu aliiwaza tezi. Sasa kipimo cha moja kwa moja kipo, kinaitwa TSH, lakini kidokezo kimesahaulika katika vyumba vingi vya kliniki.

Tiba nayo ina historia ya kutia moyo. Mwaka 1891, katika mji wa Newcastle nchini Uingereza, daktari kijana George Murray alimtibu mwanamke wa miaka 46 aliyekuwa amevimba, amepoa mwili na kupungukiwa nguvu za akili na mikono. Alimchoma sindano za maji yaliyotolewa kwenye tezi za kondoo. Baada ya muda mfupi uvimbe ulianza kwisha na maneno yakamtoka kwa wepesi tena. Baadaye akawa anakunywa dawa hiyo badala ya kuchomwa. Mama huyo aliishi miaka 28 zaidi, akafariki mwaka 1919 akiwa na miaka 74. Murray alikadiria kwamba tezi za kondoo zaidi ya 870 zilitumika kumweka hai. Leo kazi hiyo inafanywa na kidonge kidogo cha levothairoksini, dawa ya miaka mingi iliyomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Kuna sababu nyingine ya kupima tezi mapema, nayo inahusu usalama. Dawa za kushusha lehemu zinazoitwa statini, kama atorvastatini na simvastatini, zimeokoa mioyo ya watu wengi duniani na hazistahili kuogopwa ovyo. Lakini zina madhara yanayojulikana kwa misuli, na mtu ambaye tezi yake imedhoofika na haijatibiwa yuko katika hatari kubwa zaidi ya madhara hayo. Karatasi za maelezo ya dawa hizo zinaitaja hatari hiyo. Mgonjwa wa tezi tayari misuli inamuuma kwa ugonjwa wenyewe. Akiongezewa statini bila tezi kutazamwa, maumivu yanaweza kuzidi, na kwa wachache sana misuli huharibika kiasi cha kuumiza figo. Wengi huishia kuitupa dawa na kuwaambia majirani kwamba ni sumu. Hasara hapo ni mbili: tezi haijatibiwa, na dawa njema imepata jina baya mtaani.

Mpangilio sahihi haupaswi kubishaniwa. Mtu akikutwa na lehemu mbaya nyingi, hasa akiwa mwanamke, akiwa na uchovu, baridi na choo kigumu, au akiwa na ndugu wa damu mwenye ugonjwa wa tezi, apimwe TSH kwanza. TSH ni homoni, lakini haitoki kwenye thairoidi. Inatoka kwenye tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuihimiza thairoidi ifanye kazi. Thairoidi ikilegea, pituitari huongeza himizo, na TSH hupanda. Katika maabara nyingi kiwango cha kawaida ni kati ya 0.4 na 4.0. Ikikutwa juu sana na homoni ya thairoksini ikiwa chini, hapo pana ugonjwa wa wazi unaotakiwa kutibiwa. Dawa ikianza, TSH hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8, na lehemu ihukumiwe baada ya TSH kutulia. Kwa baadhi ya wagonjwa lehemu hushuka kiasi kwamba statini haihitajiki. Kwa wengine hushuka nusu ya njia, na hapo ndipo statini huongezwa kwa usalama zaidi.

Eneo la katikati lipo, na halifai kufichwa. Kuna watu ambao TSH imepanda kidogo tu huku thairoksini ikiwa ya kawaida. Mwaka 2017 utafiti mkubwa wa Ulaya uitwao TRUST, uliohusisha watu 737 wenye miaka 65 na zaidi wa kundi hilo, ulionyesha kwamba levothairoksini haikuwapunguzia uchovu wala dalili nyingine za tezi kuliko kidonge kisicho na dawa. Mzee ambaye TSH yake ni 5 au 6 asikimbizwe kwenye dawa ya maisha kwa sababu tu mashine imeandika herufi nyekundu. Apimwe tena baada ya miezi michache. TSH ikivuka 10, hoja ya kutibu inapata nguvu, na faida kwa lehemu nayo huonekana zaidi.

Sasa uzito, ambao ndio unaowaumiza wagonjwa zaidi na unaosemwa kwa uongo mwingi zaidi.

Mtu akishaambiwa kwamba tezi yake imelala, huona mlango umefunguka. Kilo zote 20 alizoongeza tangu mtoto wa mwisho zinapata maelezo, na anasubiri kidonge kiziondoe. Ukweli ni mdogo kuliko tumaini hilo. Chama cha Marekani cha wataalamu wa thairoidi kinaeleza kwamba uzito unaoletwa na tezi dhaifu kwa kawaida ni kati ya kilo 2 na 5 hivi, na sehemu kubwa yake ni chumvi na maji yaliyojikusanya mwilini wala si mafuta. Tezi ikitibiwa, maji hayo huondoka, uso hurudi umbo lake, na mzani hushuka kidogo. Kwa wengi upungufu huo hauzidi asilimia 10 ya uzito wa mwili. Kilo zilizobaki zilikuja kwa njia nyingine: umri, kukoma hedhi, kazi ya kukaa, usingizi mbovu, soda, maandazi ya asubuhi na chapati za jioni, pamoja na miezi ile ya uchovu ambayo mgonjwa alishindwa hata kwenda sokoni kwa miguu.

Kwa hiyo mambo mawili yanayofungwa pamoja katika mazungumzo ya kliniki yana tabia tofauti kabisa. Lehemu inakisikia kidonge. Uzito haukisikii sana. Mgonjwa asipoambiwa hivyo siku ya kwanza, akiwa bado na imani na daktari wake, atakipima kidonge kwa mzani. Mzani usiposhuka, ataamua kuwa dawa haifanyi kazi, ataiacha, na baada ya wiki chache lehemu itapanda kimyakimya bila maumivu yoyote ya kumtahadharisha. Mwingine hufanya kinyume: anaongeza vidonge mwenyewe, viwili badala ya kimoja, akidhani kwamba kama kidogo kinachangamsha mwili basi kingi kitayeyusha kitambi.

Huyo wa pili anacheza na moyo wake. Homoni ya thairoidi ikizidi, moyo hudunda ovyo na mifupa hupungua uimara, hatari iliyo kubwa zaidi kwa wazee na kwa wanawake waliokoma hedhi. Marekani ilijifunza hilo kwa gharama. Katika miaka ya 1960 zilienea huko kliniki za kupunguza unene zilizogawa vidonge vya rangirangi, vingine vikiwa na homoni ya thairoidi iliyochanganywa na dawa za kusisimua mwili, za kukojoza na za moyo. Mwaka 1968 jarida la Life lilimtuma mwandishi wake Susanna McBee, ambaye hakuwa mnene, kwa madaktari 10 wa aina hiyo. Alirudi na vidonge zaidi ya 1,400. Mwaka huohuo Baraza la Seneti lilisikiliza ushahidi kuhusu biashara hiyo na vifo vilivyohusishwa nayo. Hata jaribio lililofanywa kwa nia njema lilishindwa: wanaume waliowahi kupata shambulio la moyo walipewa homoni ya jamii ya thairoksini ili lehemu yao ishuke, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti wakalazimika kuisitisha kwa sababu waliopewa walikuwa wakifa zaidi. Leo maelezo ya levothairoksini inayouzwa Marekani yanaonya kwamba dawa hiyo si ya kupunguza unene. Onyo hilo linafaa kuandikwa kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, kwenye kila duka la dawa kuanzia Mombasa hadi Bujumbura.

Anayetaka kupunguza uzito na ana tezi dhaifu atapita njia ileile wanayopita wengine, ila aanze baada ya homoni kukaa sawa, kwa sababu kumtaka mtu akimbie wakati mwili wake umeishiwa nguvu ni ukatili. Nguvu zikirudi, atembee kila siku. Ugali wa dona uchukue nafasi ya sembe, na sahani ipungue ukubwa. Maharage, choroko, kunde na dengu vinastahili heshima kubwa kuliko vinavyopewa: vinashibisha, na nyuzinyuzi zake husaidia kutoa lehemu mwilini. Samli, mafuta ya mawese na tui zito la nazi vina mafuta yanayopandisha lehemu mbaya, kwa hiyo wali wa nazi urudi kuwa chakula cha siku maalumu. Samaki wa kuchoma ni bora kuliko wa kukaangwa kwenye mafuta yaliyotumika tangu juzi. Haya hata yasipoondoa kilo nyingi, hushusha lehemu na presha, na hiyo ni faida inayoulinda moyo hata kama gauni bado linabana.

Kidonge chenyewe kina masharti, na masharti hayo yanagongana na asubuhi ya kwetu. Levothairoksini hunywewa kwa maji matupu, tumbo likiwa halina kitu, dakika 30 hadi 60 kabla ya kifungua kinywa. Kahawa hupunguza kiasi kinachoingia mwilini. Maziwa na soya nayo hivyo. Vidonge vya kuongeza damu, vya kalsiamu na vya kiungulia vinatakiwa kutenganishwa nacho kwa muda wa saa 4. Mjamzito anayevimeza vyote pamoja asubuhi ili asisahau anajikosesha dawa ya tezi wakati ambao mtoto aliye tumboni anaihitaji zaidi. Wapo wagonjwa wengi ambao dozi yao imeongezwa mara kwa mara bila TSH kushuka, na tatizo lilikuwa chai ya maziwa. Anayeshindwa asubuhi anaweza kupangiwa kunywa usiku wakati wa kulala, saa 3 au zaidi baada ya mlo wa mwisho. Mpango huo huwafaa pia baadhi ya wanaofunga Ramadhani, mradi uwekwe na daktari kabla mwezi haujaandama.

Halafu yapo mambo ya simu za mkononi. Ujumbe unazunguka ukiwaambia wagonjwa wa tezi waache sukuma wiki, kabichi na muhogo. Vyakula hivyo vikipikwa na kuliwa kwa kiasi cha kawaida havimdhuru mtu anayepata madini joto ya kutosha, na kumnyima mtu mwenye lehemu nyingi mboga za majani ni kumrudisha nyuma. Hofu ya muhogo ilizaliwa na jambo la kweli lililotokea mahali mahususi. Katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu, watafiti katika miaka ya 1960 na 1970 waliwakuta watu wengi wakiwa na rovu. Udongo ulikosa madini joto, na utafiti uliofanywa Kongo katika miaka hiyo ukaonyesha kwamba sumu ya muhogo usiolowekwa na kukaushwa vizuri huizuia tezi kuyapata hata hayo machache yaliyopo. Palipo na chumvi yenye madini joto, na muhogo ukiandaliwa ipasavyo, hatari hiyo haipo kwa kiwango hicho.

Chumvi hiyo isidharauliwe hata pwani. Wengi huamini kwamba anayeishi kando ya bahari hawezi kupungukiwa madini joto, lakini uchunguzi wa wanafunzi wa Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuta rovu kwa wingi, Pemba zaidi kuliko Unguja, kwa kuwa chumvi iliyotengenezwa huko ilikuwa haiongezwi madini hayo. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 tu kwa siku, na chumvi kidogo iliyotiwa madini inatosha. Kuzidisha nako kuna madhara. Jeli za mwani zinazouzwa sasa kama tiba ya tezi na unene hazina kipimo kinachojulikana cha madini joto ndani yake. Kwa mtu ambaye kinga ya mwili wake ndiyo inayoishambulia tezi, ugonjwa ambao Mjapani Hakaru Hashimoto aliueleza mwaka 1912 na ambao ndio chanzo kikuu cha tezi dhaifu panapokuwa na chumvi nzuri, madini joto ya kupita kiasi yanaweza kuizidishia tezi udhaifu.

Watakaopinga hoja ya kupima watasema gharama. Watasema wengi wenye lehemu nyingi wana tezi nzima, kwa hiyo fedha zitapotea. Ni kweli kwamba wengi wataonekana wazima. Lakini kipimo hiki hakifanywi kila mwezi. Kwa asiye na ugonjwa kinaweza kutosha mara moja mwanzoni mwa safari ya matibabu. Statini hunywewa kwa miaka, na anayepewa bila sababu yake kujulikana atailipia kwa miaka. Tanzania ilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023, na Kenya imeanza kutumia Mamlaka ya Afya ya Jamii tangu mwaka 2024. Wanaopanga vifurushi vya bima hizo waiweke TSH kwenye vipimo vinavyolipiwa kwa kila mtu aliyekutwa na lehemu nyingi kwa mara ya kwanza, na levothairoksini ipatikane katika hospitali za wilaya bila mgonjwa kusafiri hadi mjini kuifuata.

Na msomaji aliyeambiwa kwamba lehemu yake iko juu, ambaye amechoka, anahisi baridi na nguo zimemkaza, asiogope kuuliza akiwa mbele ya daktari: tezi yangu imepimwa? Akishaanza dawa, ainywe na maji kabla ya chai, asiiache kwa sababu ya mzani, na arudi maabara baada ya wiki 6 hadi 8.